Nani Alimtuma Ngazi

Chumba cha kufulia, hospitalini
3 Februari

Kwa wifi yangu,

Mama apate salamu zake kwanza, maana nyumba ni yake. Mwambie bintiye yu hai, anakula, na bado anapigana na mashine ya kukausha mashuka, ile inayotoa moshi kila ikijisikia. Yule msimamizi wetu wa kunusanusa kila shuka wamemhamishia jikoni, kwa hiyo sisi tumepumua na wagonjwa ndio wana kazi. Mwanangu uliyenizalia, kikohozi kimemwachia? Mwambie shangazi yake anamshonea gauni kwa kitambaa cha pazia. Ni pazia zuri, halijawahi kutundikwa popote.

Haya, sasa tuongee.

Nimesikia umeajiriwa na kikosi cha zimamoto. Nilipoambiwa nilisema wamekosea, labda kuna mjane mwingine mtaani. Wakaniambia hapana, ni yeye, anapita sokoni na kipaza sauti, amevaa fulana nyekundu yenye nembo, anafundisha watu kufunika sufuria ikiwaka. Wakaniambia Masharubu mwenyewe alikuja nyumbani kukuomba ukubali, akaketi kwenye kiti cha kaka yangu, na wewe ukampa chai.

Ulimpa chai, wifi?

Mwaka haujapita tangu lile ghala la magodoro liungue na kaka yangu ndani. Masharubu, Mkuu wa kikosi mzima, alisimama mbele ya tume ya uchunguzi akasema Ngazi, kama walivyomwita kaka yangu kazini, aliingia bila amri, kiburi chake ndicho kilichomponza. Nilikuwa safu ya pili. Nilimwona akipangusa hayo masharubu baada ya kusema, kama mtu aliyemaliza kula. Tukamzika kaka yangu bila king'ora na bila kofia yake juu ya jeneza, kama mwizi aliyefia kwenye nyumba ya watu. Tangu siku hiyo Mama hatoki hata kununua chumvi, kwa sababu akiingia dukani watu wananyamaza.

Sikupigii simu. Nikipiga utalia, ukilia nitakuonea huruma, na leo sitaki. Nijibu jambo moja tu: kwa nini?

Wifi yako, kama bado unanihesabu.


Nyumbani kwa Mama
20 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Bado nakuhesabu. Barua yako ilifika ikiwa na harufu ya sabuni, nikajua imetoka kwako hata kabla sijaifungua. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua lakini mdomo uko salama, juzi amenigombeza kwa jinsi ninavyokamua dekio. Binti yako kikohozi kimeisha, sasa kazi yake ni kuvua viatu na kuvificha. Paa la choo tumelibadilisha.

Ndiyo, nilimpa chai. Nilimtilia na sukari.

Nikueleze mambo yalivyo. Baraza la madiwani linataka kukivunja kikosi chetu na kukiingiza kwenye kile cha jiji. Wanasema watu hawakijui, hawakipendi, na kila nyumba inalalamikia ada. Mkuu amepewa mpaka Julai awaonyeshe kwamba wananchi wanakitaka. Yeye kuzungumza na maofisa anaweza, kuzungumza na muuza nyanya hawezi. Ndipo akanikumbuka. Aliniambia, "Watu wakikuona wewe upande wetu, watatuelewa." Nikamjibu nitafikiri. Nikafikiri mpaka alipomaliza chai.

Kazi yenyewe si mbaya. Cheo changu ni afisa uhusiano, nina meza na kabati lisilofungika. Asubuhi nakwenda shuleni, mchana sokoni, jioni naingia jikoni kwa watu kuangalia majiko na nyaya. Mwanzoni wengine walinifungia mlango. Mama mmoja aliniuliza mumeo si yule aliyejiua kwa ubishi? Nikamwambia ndiye, sasa tuangalie mtungi wako wa gesi. Mpira ulikuwa umepasuka. Siku hizi ananiita aunti.

Shuleni nimebuni zoezi ambalo watoto wanalipenda kuliko mchezo wowote. Kengele ikilia wanatoka nje, mwalimu anaita majina. Asiyejibu, yule aliyemtuma mahali lazima aseme, "Nilimtuma mimi," na aseme wapi, ili tujue pa kumtafuta. Kama hakuna anayesema, darasa zima linauliza, "Nani alimtuma?" na haliachi mpaka mtu ajibu. Mara nyingi ni mwalimu mwenyewe aliyesahau kwamba kamtuma mtoto kufuata chaki. Hapo watoto hufurahi mno. Mkuu alikuja kulitazama, akalisifu, akapigwa picha na darasa la pili.

Swali lako nimelisoma. Huku mvua zimeanza.

Wifi yako.


Chumba cha kufulia
11 Aprili

Wifi,

Mama namsalimu, na magoti yake nayasalimu moja moja. Mwambie binti yangu akificha na vyako nitamlipa. Huku tuko wazima, tunafua.

Nimekuuliza kwa nini, ukanijibu habari za mvua. Nimeisoma barua yako jikoni, nikaisoma kwenye foleni ya benki, nikaisoma mpaka mwenzangu wa zamu akaniuliza kama ni ya mchumba. Nikamwambia hapana, ni ya wifi yangu anayempigia debe muuaji wa kaka yangu, na kabati lake halifungiki.

Sitaki kujua kuhusu mitungi ya gesi. Nataka kujua unawezaje kusimama pembeni ya yule mtu apigwe picha. Mimi kila nikipiga pasi namwona usoni pa shuka, na ninabonyeza. Juzi nimeunguza foronya tatu.

Kwa hiyo nimefanya la kwangu. Nimempigia simu diwani wetu, yule mnene tuliyesoma naye. Nimemwambia familia ya marehemu haikitaki kikosi hicho hata kidogo, kivunjwe, wafukuzwe wote, jengo wageuze la kufugia kuku. Nimemwambia mjane amerubuniwa na anaonewa huruma tu. Amenisikiliza vizuri. Amesema neno la familia lina uzito.

Kama Masharubu atabaki bila kofia, bila gari na bila wa kumpigia saluti, mimi nitalala usingizi. Wewe utatafuta kazi nyingine.

Ni mimi.


Nyumbani kwa Mama
2 Mei

Wifi,

Tuko wazima. Mama anakula. Binti yako kaota jino la nyuma.

Diwani aliniletea maneno yako mwenyewe. Nilikuwa nimewaalika madiwani kikosini wavishwe makoti ya moto, wabebe mpira wa maji, waone ulivyo mzito. Huwa wanatoka hapo wakitokwa jasho na wakiwa wapole, na mtu aliyebeba mpira ule hasemi tena kwamba ada ni kubwa. Yeye alikuwa ndani ya koti, tumbo limegoma kufungika, akaniambia kwa upole kwamba familia yangu haitaki. Nusura unimwagie unga, wifi, na si unga wa mshahara ninaousema.

Nimekukasirikia mpaka nimeshindwa kushika kalamu kwa wiki nzima. Sasa nisikilize.

Siku ya mazishi, dereva wa gari la zimamoto alinivuta kando. Unamkumbuka, yule mwembamba asiyeacha kuchezea funguo. Akaniambia, "Shemeji, Mkuu alimwambia aingie. Nimesikia kwa masikio yangu." Mwenye ghala alikuwa anapiga kelele kwamba mlinzi wake yuko ndani. Mkuu akageuka akasema, "Ngazi, ingia." Ngazi akaingia. Mlinzi alikuwa ng'ambo ya barabara na kikombe mkononi. Tume ilipokaa iliwaita wakubwa peke yao, dereva hakuulizwa, na yeye ana watoto sita, akajikausha.

Sikukuambia kwa sababu ungepanda basi siku ileile ukiwa na pasi mkononi. Ungemuunguza Mkuu, ungefungwa, na jina la ndugu yako lingebaki vilevile.

Kuna jambo la kikosini ambalo wewe hulijui, mimi nilikuwa nalisikia kila mwezi kutoka kwa mume wangu. Kila mwezi unapoanza wanapanga mstari na majina huitwa kwa mdomo, tena majina ya utani, yale wanayoitana kazini. Aliye hai anajibu nipo. Aliyefia kazini naye anaitwa, na anayemjibia ni mkubwa aliyemtuma: "Nilimtuma mimi." Waanzilishi waliliweka hivyo ili mkubwa asitume watu kama anayetuma sigara dukani. Kama mkubwa huyo naye hayupo, anajibu anayekalia kiti chake. Wako watatu wa zamani, na Mkuu huwajibia kwa sauti nzito hadi wageni hutoa leso. Ngazi haitwi. Mkuu alikataza, kwa kuwa eti hakuna aliyemtuma.

Ukikivunja kikosi, hakuna mstari, hakuna kuitwa, na Ngazi atabaki mbishi mpaka mwisho wa dunia. Tena gari la jiji lina daraja na reli ya kuvuka kabla ya kutufikia. Mtaa wa chini utakuwa majivu wao bado wanafunga kamba za viatu, na huko chini kuna watoto wanaoniita aunti.

Mimi sitaki Mkuu apoteze kazi. Nataka awe nayo. Nataka awe amevaa nguo za sherehe, medali zake zote ziko kifuani, na watu wote ninaowatafuta tangu Januari wawe mbele yake.

Mengine siandiki. Mpigie diwani, mwambie ulikuwa na homa. Na je, Julai utakuja?

Wifi yako.


Chumba cha kufulia
9 Juni

Wifi yangu,

Salamu kwa Mama, kwa binti, kwa jino la binti. Gauni nimelituma kwa dereva wa basi, upindo nimeuacha mrefu ili likue naye.

Nimempigia diwani. Sikumwambia homa. Nimemwambia nina kichaa kidogo ambacho hunipanda, na alikubali haraka mno mpaka nimeudhika. Amesema atawasikiliza wananchi Julai kabla ya kupiga kura.

"Ngazi, ingia." Nimelisema neno hilo huku mashine zikiunguruma nisisikike. Aliingia kwa sababu aliambiwa. Alikuwa hivyo tangu mdogo, akitumwa anakwenda, hata akitumwa na mimi, na mimi nilikuwa nikimtuma kutwa. Wifi, mkalie kooni huyo mtu. Usimhurumie akianza kujikuna. Ukimhurumia mimi na wewe basi.

Kuhusu kuja, mashine mbili zimeharibika na fundi haonekani.

Wifi yako.


Nyumbani kwa Mama
27 Julai

Wifi yangu,

Gauni limefika, limemkaa vizuri, na halivuliwi hata kwa kuoga. Paka wa jirani amezaa ndani ya kikapu cha nguo zangu. Mama ni mzima, na leo asubuhi amekwenda dukani mwenyewe. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Siku ya Wananchi ilikuwa Jumamosi. Uwanja wa kikosi ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Sikuwaita kwa matangazo peke yake. Niliwafuata mmoja mmoja, kila jiko nililoingia na kila mtungi nilioukagua, nikawaambia njooni mnisaidie. Shule zote zilikuja. Madiwani walikaa chini ya turubai pamoja na mgeni kutoka wizarani. Mama nilimketisha safu ya mbele. Alikataa kwa siku nyingi, akasema hataki kutazamwa, nikamwambia basi wewe ndiye utakayewatazama.

Mkuu alikuwa amependeza. Medali, glavu nyeupe, masharubu yamechanwa. Ratiba niliipanga mimi na aliipitisha mwenyewe: kuzima moto wa pipa, kushuka kwa kamba, kisha kuita majina mbele ya wananchi waone heshima ya kikosi, kisha hotuba yake. Wazo la majina alilipenda kupita yote. Aliniambia hapo ndipo watakapolia.

Nikashika kipaza sauti. Nikaita walio hai, wakajibu nipo mmoja baada ya mwingine. Nikaita wa zamani watatu, Mkuu akawajibia kwa ile sauti yake, nikaona yule mgeni wa wizarani anatafuta leso. Mkuu akapiga hatua moja kuja kuchukua kipaza sauti ahutubie.

Nikaita, "Ngazi."

Mkuu alisimama palepale alipokuwa, mkono umenyooshwa. Akanitazama kama mtu anayetaka kucheka na asiyeona wa kumchekea. Nikaita tena, "Ngazi." Hakuna aliyejibu.

Ndipo darasa la pili, wale wa picha, wakafanya walichozoea. Jina limeitwa mara mbili, hakuna jibu, basi kuna mtu ndani. Wakauliza kwa pamoja, "Nani alimtuma?" Darasa la tatu likadakia. Kisha shule yote, kisha shule ya pili, kisha wanawake wa sokoni ambao nilikuwa nimewafundisha zoezi hilohilo kwenye vibanda vyao. Hakuna aliyekuwa na hasira. Walikuwa wanauliza tu, kama walivyofundishwa, na walifundishwa wasiache.

Mkuu alinipokonya kipaza sauti akasema watoto wetu wamejifunza vizuri, tuwapigie makofi. Hawakupiga. Wakauliza. Akasema ratiba inaendelea. Wakauliza. Akamtazama dereva amsaidie kuwasha king'ora kuwazima, na dereva akaziweka funguo mfukoni, akakunja mikono. Sijawahi kuona mikono ya mtu yule imetulia namna ile. Diwani mnene akainama kwa mgeni wa wizarani akamweleza Ngazi alikuwa nani, na mgeni akaacha kujipangusa macho, akamkazia Mkuu.

Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote. Niliona jasho likianzia chini ya kofia na kushuka mpaka kwenye masharubu. Nilikuwa nimejiuliza miezi yote hiyo kama nitamwonea huruma. Sikumwonea. Nilisikia raha, wifi, raha ya mtu mwenye kiu akiona maji yanamiminwa, na nilitaka yasiishe haraka.

Akasema kitu midomoni. Watoto wakasema hatujasikia, kwa sababu nimewafundisha hivyo pia, jibu lisilosikika si jibu. Akavua glavu moja. Akakileta kipaza sauti mdomoni akasema, "Nilimtuma mimi."

Wakanyamaza wote mara moja. Zoezi lilikuwa limekwisha.

Mama alisimama. Nilifikiri ataanguka, nikataka kumkimbilia, akanizuia kwa mkono. Hakumtazama Mkuu. Aligeuka nyuma akawatazama watu, yule mwenye duka, na jirani zake wa miaka yote, akawaambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi mwanangu alikuwa na adabu." Kisha akaketi.

Wifi, ulikuwa ukiniuliza kwa nini. Ndiyo hiyo.

Wifi yako.


Chumba cha kufulia
15 Agosti

Wifi yangu,

Msalimie Mama. Mwambie nimesoma alichosema nikajifungia chumba cha kukaushia, nikalia kwenye joto lile mpaka nikatoka kama nimechemshwa. Mwenzangu alifikiri nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, mwaka jana.

Lakini hukuniambia yote. Yaliyofuata umeyaruka, na nimeyapata kwa diwani, ambaye siku hizi ananipigia yeye. Ameniambia baada ya Mama kuketi watu walimpigia Masharubu makofi. Kwamba mgeni wa wizarani alimshika mkono akasema ni viongozi wachache wenye moyo wa kukiri. Kwamba madiwani wamepiga kura, kikosi kinabaki, na wengine walisema wazi kuwa wamekubali kwa ajili ya ujasiri wake. Tume imeketi tena, ikafuta yale maneno ya kiburi, ikampa onyo la maandishi. Onyo!

Ujasiri. Mtu amekamuliwa na watoto kama shuka, tone moja limetoka, basi ni jasiri. Wamemsamehe watu ambao hakuwakosea. Mimi sikupiga makofi. Mama hakupiga. Ngazi yuko chini.

Wifi, hujamaliza. Umemvua nguo na wao wamemvisha nyingine nzuri zaidi. Sasa unazo shule, una soko, una mgeni wa wizarani, watu wote hao wanakusikia wewe. Waambie wamfukuze. Ukisema watamfukuza kesho. Kwa nini husemi? Au zile chai zimekulegeza?

Nasubiri. Safari hii usiniandikie hali ya hewa.

Wifi yako.


Nyumbani kwa Mama
20 Septemba

Wifi yangu,

Wote wazima. Paka wametoka kikapuni na nguo zangu sizitamani tena. Mama ameanza kubishana bei dukani, na mwenye duka anampunguzia kwa aibu, na yeye anajua ni aibu na anazidi kumbana.

Ni kweli walimpigia makofi. Nilikuwa naogopa kukuandikia hilo.

Wiki iliyofuata Mkuu aliomba kustaafu mapema. Alisema afya. Angeondoka na medali, na yale makofi, na sherehe ya kuagwa, na mimi ndiye ningeiandaa. Ungefurahi aondoke hivyo? Aende kwake akalime bustani, na wapita njia wamwite jasiri?

Basi nikafanya kazi yangu. Nilirudi sokoni, nikarudi mashuleni, nikaingia tena kwenye majiko yote. Niliwaambia kiongozi wetu mwenye moyo wa kukiri anataka kutuacha, twendeni baraza tumwombe abaki. Wifi, walikuja. Walimu wakuu walikuja, wanawake wa sokoni walikuja, darasa la pili lilikuja na maua. Diwani mnene alisimama akasema hajapata kuona wananchi wakimpenda mkuu wa idara namna hii. Baraza likamsihi. Mbele ya watu wote wale angekataaje? Akasema atabaki. Nilipiga makofi kuliko wote.

Siku ya pili alikuja ofisini kwangu, akasimama karibu na lile kabati. Amekonda. Akaniuliza, "Shemeji, unataka nini tena kwangu? Si nimesema?"

Nikamwambia, "Umesema mara moja. Wa zamani watatu unawasemea kila mwezi."

Alielewa. Nilimwona akielewa, polepole. Jina la Ngazi limerudi kwenye mstari kwa amri ya baraza, na utaratibu hauruhusu mwingine ajibu maadamu aliyemtuma yuko kwenye kiti. Nami nimeliomba baraza kuita majina kufanyike mbele ya wananchi siku zote, kwa kuwa kunajenga imani. Wamekubali bila kujadili. Watu walikuja kama wanaokuja kwenye mpira. Septemba mosi alianza kujibu akitazama viatu. Sauti ikakatika katikati, watoto wakamwambia hawajasikia, akarudia.

Wifi, unauliza kama nimelegea. Sijalegea. Kuna siku naogopa namna ninavyoingoja tarehe mosi.

Mwezi ujao Mama ameomba aite yeye. Anafanya mazoezi akiosha vyombo. Novemba nimekuwekea wewe, na nimeshaitangaza, kwa hiyo hizo mashine zenu zinazoharibika kila nikikuuliza utakuja lini, zitafutie fundi.

Mkuu amebakiza miaka minne kufikia umri wa kustaafu. Jana nilimpeleka binti yetu kikosini nikamsimamisha kando ya kile kipaza sauti. Bado kinampita kichwa na bado hawezi kulitamka jina la baba yake vizuri, lakini mwaka wa tatu atakifikia. Mkuu alikuwa dirishani akitupima kwa macho, na nilimpungia mkono.

Wifi yako.